Mahame ya kwetu Nachingwea: ramani ya miaka ya sitini imenipeleka, mjomba akanirekebisha

Korosho Mbichi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka asije akanilaumu.

Mimi nimezaliwa Dar ila kwetu ni Nachingwea. Nikienda likizo utotoni kulikuwa na neno moja halikauki midomoni mwa wazee: mahame. Kuni zinatoka mahame. Uyoga wa masika, mahame. Mbuzi kapotea, mtafuteni mahame. Nilidhani Mahame ni kijiji kama vijiji vingine, mpaka siku nilipouliza mwenyekiti wa kijiji cha Mahame ni nani, wakanicheka wiki nzima.

Mahame ni kule walikokuwa wakiishi kabla ya Operesheni. Kwetu watu walihamishwa 1974, wakapangwa kwa mistari kando ya barabara. Wenye umri mnakumbuka: Novemba 1973 Mwalimu alitangaza kwamba kuishi katika vijiji si hiari tena, na mpaka mwisho wa 1976 nchi nzima iwe imekwisha kuhamia. Sasa waliohama wakiwa watu wazima wamebaki wa kuhesabika, nasi wajukuu tunajua neno tu.

Mwaka jana nikapata karatasi ya ramani ya eneo letu, ile ya 1:50,000, sentimita mbili kilomita moja. Imekunjwa hadi imechoka na kona ya chini imechanika, ndiyo yenye mwaka. Nikaifungua mezani nitafute kijiji chetu. Hakipo. Penye shule, zahanati na ofisi ya kijiji, ramani ina pori tupu na kinjia cha miguu. Halafu kama kilomita sita upande wa magharibi, kufuata bonde, vidoti vyeusi vimetawanyika kama mtu kamwaga ufuta. Kila kidoti ni nyumba. Nilikaa nikivihesabu hadi chai ikapoa.

Umri wake niliupata hivi. Kwenye kile kimchoro cha mipaka, Nachingwea iko Mkoa wa Mtwara. Lindi ilifanywa mkoa unaojitegemea 1971, kwa hiyo ramani ni ya kabla ya hapo. Na ile reli ya mradi wa karanga wa Waingereza, iliyotoka Mtwara kuja Nachingwea, imechorwa ila imeandikwa kuwa imeng'olewa. Reli ilifungwa 1962. Basi karatasi yangu imebanwa kati ya 1962 na 1971. Watu wa kwetu mnalijua tuta la reli, tunalipita kila siku kama njia ya baiskeli, na kuna vijana wanaoamini ni tuta la barabara ambayo serikali iliishia njiani. Jamani, hapo pamepita treni.

Nikachukua gridi, yaani namba za mahali kwenye ramani, za kile kikundi kikubwa cha vidoti, nikaziingiza kwenye simu, nikaenda na binamu yangu na panga. Tumefika pale simu inaposema "umefika". Hakuna kitu. Miombo na nyasi. Hakuna hata kigae cha chungu. Binamu akaniambia Wazungu walikuwa wanajaza vidoti ili ramani ipendeze.

Naomba wenye ujuzi. Nimekosea wapi?

Pilipili Kichaa

Nimevuta mkeka. Uzi wa hivi bila picha ni dhambi lakini.

Mpima Mstaafu

Kijana, hujakosea kusoma, umekosea lugha. Ramani yako inasema lugha moja na simu yako nyingine.

Ramani zetu za 1:50,000 zimesimama juu ya msingi wa upimaji unaoitwa Arc 1960. Simu inatumia WGS84. Mahali ni pale pale, namba ni tofauti. Ukichukua gridi ya Arc 1960 ukaiingiza kwenye kifaa cha WGS84 bila kuigeuza, huku kwetu unatua karibu mita 300 kaskazini ya mahali penyewe, na kama mita 90 magharibi. Uliposimama na panga lako, ulikuwa umepita kijiji. Rudi kusini, vuta kidogo mashariki.

Huyo binamu mwambie vidoti havikujazwa. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mwaka 1946 Waingereza walianzisha kurugenzi yao ya kupima makoloni, na kikosi namba 82 cha jeshi lao la anga kikaletwa Afrika na ndege za Lancaster, zile za kudondosha mabomu vitani, safari hii zikiwa na kamera. Kazi ikaendelezwa miaka iliyofuata na baada ya uhuru. Picha zinapigwa zikipandana, kila moja inakula zaidi ya nusu ya mwenzake, na mchoraji anatazama mbili kwa pamoja kupitia stirioskopu mpaka vilima vinanyanyuka mbele ya macho yake. Nimetumia chombo hicho miaka mingi, na siku ya kwanza nilipotazama niliondoa kichwa nikidhani mlima utanigonga.

Namba ya karatasi isiwatishe wengine. Nchi imegawanywa katika miraba yenye namba, na kila mraba una robo nne: /1 juu kushoto, /2 juu kulia, /3 chini kushoto, /4 chini kulia. Karatasi moja ni dakika 15 kwa 15, kama kilomita 27 kila upande. Zikiwa na urefu wa milima kwa futi, ujue ni za toleo la zamani.

Korosho Mbichi

Shikamoo mzee! Mita 300! Kwa hiyo siku ile nilikuwa na kiwanja cha mpira mara tatu tu nifike. Narudi Jumamosi hii.

Mtoto wa Kongwa

Sisi wa Kongwa tunawasalimu wenzetu wa karanga. Kwetu huhitaji hata mahame, ramani ya zamani inaonyesha mistari ya barabara iliyonyooka kama rula katikati ya vichaka, na mtu wa kawaida hawezi kukata barabara hivyo. Ni ule mradi wa 1947, vifaru vya vita viligeuzwa matrekta ya kung'oa mibuyu, udongo ukakauka ukawa kama tofali, mvua ikagoma, 1951 Uingereza wakaufuta mradi na hasara ya pauni milioni 36. Sehemu ya ardhi ikaishia kuwa ranchi. Na kuanzia 1964 wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika wakapewa kambi hapo hapo Kongwa. Ukiziweka ramani za vipindi viwili juu ya meza moja, hadithi yote unaiona bila mtu kukusimulia.

Ila sisi Wagogo tunauliza: kabla ya hizo barabara za rula, nani alikuwa analisha hapo? Ramani haina alama ya ng'ombe.

Binti wa Mlau

Mimi ni mtu wa Rufiji, nina onyo kuhusu hivyo vidoti. Usihesabu nyumba ukadhani umehesabu familia.

Kwetu bondeni mtu alikuwa na makazi zaidi ya mahali pamoja. Kuna nyumba ya juu, na kuna dungu shambani, kibanda cha miguu mirefu cha kulindia mpunga ndege na nguruwe. Maji ya mafuriko yakishuka tunapanda mlau, mazao yanayoishi kwa unyevu ulioachwa na mto, na huo ni wakati wa kiangazi. Sasa mzee Mpima atanisahihisha: ndege za kupiga picha si zilikuwa zinaruka kiangazi, anga likiwa halina mawingu? Basi zilitukuta bondeni. Zingekuja masika zingekuta maji na mitumbwi.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya mafuriko makubwa, serikali ikaendesha Operesheni Rufiji na watu wakahamishiwa nyanda za juu kaskazini ya mto. Waliotazama ramani wakasema hawa watu wamejenga ndani ya mto, wanajitafutia kifo. Bibi yangu mpaka anakufa alikuwa anasema: hatukujenga ndani ya mto, tulikuwa na mto.

Mpima Mstaafu

Binti wa Mlau, husahihishwi. Ni kiangazi, na sababu ya pili ni miombo: majani yakipukutika paa linaonekana. Na dungu lenye paa kubwa, kutoka angani, ni nyumba. Mchoraji hana namna ya kujua.

Niongeze jingine. Penye nyumba nyingi mno mchoraji anapunguza, hawezi kuweka kidoti kwa kila paa kwa skeli ile. Kwa hiyo porini vidoti ni karibu na hesabu kamili, penye msongamano ni dalili tu.

Mpambanaji 2.0

Swali la msingi jamani. Hiyo ramani si ushahidi? Babu yangu alihamishwa, shamba lake akapewa mtu mwingine mwaka 75, leo wajukuu wa yule mtu wanauza viwanja. Nikienda na ramani inayoonyesha nyumba ya babu narudishiwa?

Wakili wa Kijiweni

Tulia ndugu yangu, usije ukauza ng'ombe kwa kesi hii.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, kifungu cha 15: ugawaji wa ardhi uliofanywa kati ya tarehe 1 Januari 1970 na 31 Desemba 1977 wakati wa operesheni za kuanzisha vijiji umethibitishwa kuwa halali, uwe ulifuata sheria au haukufuata. Soma tena hayo maneno ya mwisho. Aliyepewa kapewa, na haki za aliyekuwapo kabla zimezimwa.

Najua kuna watakaonijia na hukumu ya Mahakama ya Rufani ya 1994, iliyosema haki ya kimila ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba. Ni kweli ilisema, na ilikuwa inaikata sheria ya 1992 iliyotaka kufuta haki hizo kwa mkupuo. Lakini sheria ya 1999 ilikuja baadaye na ndiyo inayotumika leo. Kuna mianya michache ndani ya kifungu chenyewe, kwa hiyo mwenye hati na barua za wakati ule akamwone wakili aliye ofisini, si mimi wa kijiweni.

Na hata bila hiyo sheria, kidoti hakina jina. Kitaonyesha palikuwa na nyumba. Ya nani? Hapo ndipo kesi inapoanzia.

Mpambanaji 2.0

Duh. Asante kwa kunivunja moyo kitaalamu.

Mzigua Halisi

Tukija kwenye majina. Huku Handeni tuna Kwamkono, Kwamsisi, na Kwediboma kabla haijakatwa kwenda Kilindi, nusu ya wilaya ni Kwa na Kwe. Mengi ni majina ya watu au ya kitu kilichokuwa hapo. Tafuteni na ramani za Mjerumani, zile za 1:300,000 zilizochorwa na Sprigade na Moisel, zipo mtandaoni kwenye maktaba za Ulaya. Sentimita moja ni kilomita tatu, kwa hiyo nyumba moja moja usitegemee. Zilichorwa kutokana na madaftari ya wasafiri, maofisa na wamisionari: mtu anatembea na dira na saa, anaandika alipolala na jumbe aliyemkuta. Kwa hiyo jina la kijiji mara nyingi ni jina la jumbe. Jumbe akifa au akihama na watu wake, kijiji "kinapotea" kwenye ramani inayofuata, kumbe watu ni wale wale, wamesogea mlima mmoja.

Angalia pia kwamba karatasi zile zinajaa maelezo kwenye njia ya msafiri tu. Toka kando ya njia kilomita kumi, nyeupe. Msidhani hapakuwa na watu. Mjerumani hakupita.

Pilipili Kichaa

Kwa hiyo ramani ni kama umbea. Inajua ya njiani tu. Endeleeni.

Mama Shamba Darasa

Jamani mnaotaja madesa mazito, mtu wa kawaida afanyeje? Nina karatasi ya zamani ya kwetu, nina kompyuta, sina elimu ya upimaji.

Mpima Mstaafu

Mama, ni kazi ya jioni moja.

Piga skani nzuri, si picha ya simu iliyopinda. Pakua QGIS, programu ya ramani, ni ya bure. Ndani yake kuna sehemu ya kuipachika ramani kwenye mahali pake duniani: unabofya pale mistari ya gridi inapokutana, unaandika namba zilizo pembeni ya karatasi. Nne za kona zinatosha, mimi huweka tisa kwa sababu karatasi kuukuu inavutika. Ukiulizwa mfumo wa namba, kwa mashariki ya nyuzi 36 chagua EPSG:21037, yaani Arc 1960 kanda ya 37 kusini. Magharibi ya hapo hadi nyuzi 30, 21036. Hapo ndipo kijana wetu alipotelezea. Programu yenyewe itageuza kwenda WGS84. Kisha weka picha ya setilaiti chini yake, ifanye ramani iwe nusu angavu, utazame moja ndani ya nyingine.

Tafuta miembe. Kwenye picha ya setilaiti taji la mwembe mzee ni duara jeusi la kijani hata kiangazi miombo ikiwa imekauka. Duara mbili tatu pamoja katikati ya pori, mbali na barabara, na kidoti cha ramani kiko karibu: hapo nenda.

Korosho Mbichi

MREJESHO. Samahani kwa kimya, msimu wa korosho ulinikamata.

Nilifanya kama mzee alivyoelekeza. Miembe ilikuwa pale. Minne, na mkwaju. Chini yake jiwe la kusagia limelala limejaa majani, vigae vya vyungu, na hatua kama thelathini kuelekea bondeni mavi ya chuma, vibonge vyeusi vizito. Maana yake hapo kuna mtu aliwahi kufua chuma, na hilo hakuna aliyewahi kuniambia nyumbani. Binamu yule yule wa vidoti vya kupendezesha ramani alikuwa wa kwanza kuokota.

Nikarudi na furaha yangu kwa shangazi, nikamtandazia ramani. Nikamwambia nimefika kwa babu. Akatazama kwa adabu, akaniambia: mpelekee mjomba.

Sikuelewa. Nikampelekea mjomba wa baba yangu, mzee sana, haoni vizuri lakini kumbukumbu zimenyooka. Ikabidi nimsomee ramani kwa maneno: hapa kijito, hapa kilima, njia inatoka tuta la reli inakata bonde. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hapo si kwa babu yako. Hapo ni kwetu. Babu yako alikuja kuoa."

Wenzangu wa kusini mmeshacheka. Sisi ukoo unafuata upande wa mama. Babu aliposa, akahamia kwa wakwe, akajengewa pembeni. Ile miembe ni ya kaka zake bibi. Mimi nimeishi miaka yote nikiita "kwa babu" mahali ambapo babu alikuwa mkwe. Nikamuuliza, sasa kwao babu ni wapi? Akaonyesha kwa mkono upande wa pili kabisa, ng'ambo ya tuta la reli, nje ya karatasi yangu. Nahitaji karatasi ya jirani.

La jina la kijito nalo. Ramani imeandika jina moja kutoka juu mpaka chini. Mjomba anasema hilo ni jina la watu wa chini, huku juu kilikuwa na jina jingine, na kisima cha kiangazi kilikuwa na la kwake. Aliyeulizwa siku ile na watu wa ramani atakuwa mtu wa chini.

Binti wa Mlau

Kisima andika jina lake leo leo, usisubiri.

Korosho Mbichi

Nimeandika, na nimemrekodi. Lakini hamjasikia la mwisho.

Nilimuuliza nyumba yake mwenyewe aliyozaliwa ilikuwa kidoti kipi. Akauliza kuna vidoti vingapi kati ya kijito na mkwaju. Nikamwambia vitano. Akakataa. Akazihesabu nyumba kwa vidole, kila moja na mwenyewe: sita. Akarudia, sita. Nikajua uzee umeingia. Nikatafuta kwa maelezo yake mahali ya sita ilipotakiwa kuwa, ramani nyeupe kabisa.

Jana nikarudi na mwanawe. Ule mwembe mkubwa wa mwisho, matawi yamekwenda chini mpaka unainama kuingia. Ndani ya kivuli chake, karibu na shina, kuna mduara wa mawe ya msingi wa nyumba ya msonge. Nyumba yao ilikuwa chini ya mwembe, wakuu. Ndege ilipita juu, ikapiga picha ya majani.

Mpima Mstaafu

Nimechora nyumba za nchi hii miaka mingi kwa kutazama kutoka juu.

Kijana, nisalimie mzee wako. Na uniletee gridi ya hiyo nyumba. Tarakimu sita zinatosha, na safari hii uniambie ni za lugha ipi.

Pilipili Kichaa

NA PICHA.

Korosho Mbichi

Picha nitapandisha nikifika penye mtandao. Mjomba ameomba nimtafutie kwanza hiyo karatasi ya jirani, anasema kwao babu kulikuwa na nyumba nane, na anataka kuona ramani itamwambia ngapi.